Chumba kisicho na dirisha

Jumatatu, usiku

Nimefika Lamu nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Basi lilitoka Mombasa alfajiri, na tulipopita Garsen tukawa tunashushwa mara kwa mara kuonyesha vitambulisho, wanaume foleni yao, wanawake yetu. Kijana aliyekaa kando yangu mwishowe aliacha kukirudisha chake mfukoni, akasafiri nacho mkononi kama tiketi. Mokowe barabara inakwisha. Unashuka, unaingia boti pamoja na magunia na kuku, unavuka mkondo wenye mikoko pande zote, na mji unakujia taratibu.

Mapema, kwa simu, nilikuwa nimemwomba mama mwenye nyumba jambo moja tu. Sikuuliza kuhusu intaneti wala chai ya asubuhi. Nilimwambia nataka kuona bahari. Akanijibu, "Inshallah, bahari utaiona." Nikadhani tumeelewana.

Chumba hakina dirisha.

Sisemi dirisha dogo, wala dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hakina kabisa. Ni chumba kirefu na chembamba mfano wa behewa la treni, kipo nyuma kabisa ya nyumba, na mwanga wake wote unaingilia mlangoni. Nilisimama na begi langu begani, nimechoka, nikiwaza kama saa hizo naweza kupata gesti nyingine. Mama akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mato yatazowea," akaniachia taa na kushuka zake.

Mato ni macho. Ilinichukua kama dakika nzima kung'amua.

Jumanne

Nilidhani nakijua Kiswahili. Nimekizungumza tangu utotoni, nimekifanyia mtihani na kupata alama nzuri. Asubuhi nikasikia mama ananiita kutoka chini: "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikatazama huku na huku, nikaiona ndoo ya plastiki kando ya mlango wa choo, nikaibeba na kuteremka nayo ngazi ile yenye kona. Nilipotokea kiwandani, yaani uani mwa nyumba, na ndoo mkononi, mama na binti anayemsaidia walitazamana, kisha yule binti akageukia ukuta mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndoo ni njoo. Nilikuwa naitwa kwenye mahamri na mbaazi.

Tangu hapo nimeamua kusikiliza kwanza. Juu ni yuu, njia ni ndia, nchi ni nti. Nilipojitutumua na kuvisifu "vidaka" vya chumbani kwangu, nikasahihishwa kwa upole: zidaka.

Tukiwa kwenye zidaka: ukuta mzima wa mwisho wa chumba changu umejaa vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta ya chokaa, safu juu ya safu, hadi karibu na dari. Zamani vilipangwa mabakuli ya kaure yaliyoletwa na majahazi. Sasa yamebaki mabakuli matatu, moja lina ufa, na katika kidaka kilicho karibu na kitanda nimeweka simu, chaja na dawa ya mbu, kwa kuwa chumba hakina meza. Vinapendeza hivyo hivyo. Ukilala na taa ikawa chini, kila shimo linapata kivuli chake na ukuta unaonekana kama unaendelea mbele, kama nyuma yake kuna vyumba vingine vidogo vidogo visivyokwisha.

Bafuni nilipiga ukelele. Kuna birika, yaani tangi la maji lililojengewa pembeni, na unajimwagia kwa kata. Nilipoichovya kata nikaona kitu kinapita. Samaki! Wadogo, wa rangi ya majivu, kama sita hivi. Nikatoka na taulo kwenda kushtaki. Mama hakuona kesi yoyote: samaki wanakula viluwiluwi vya mbu, maji yanakaa siku nyingi, sasa ulitaka nani awale? Akaja kunionyesha bakuli la kaure lililojengewa sakafuni mwa birika. Maji yakipungua, lile bakuli linabaki limejaa na samaki wanapata pa kukaa hadi birika lijazwe tena. Nimelifikiria bakuli hilo mchana kutwa. Kuna fundi aliyekaa akawaza: na siku maji yakiisha, samaki je?

Jumatano

Nilikwenda Shela, kwa sababu kila mtu huenda Shela. Ni mwendo wa kama dakika arubaini na tano kufuata pwani, au dakika chache kwa boti. Ufuo ni mrefu na mzuri kama unavyosemwa. Kusi lilikuwa linavuma kwelikweli, mchanga ukaniingia masikioni, nikaogelea kidogo, nikanywa maji ya ukwaju, nikarudi. Jambo nililolipenda zaidi ni kuambiwa na mwenye boti kwamba vilima vya mchanga nyuma ya ufuo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu: mvua inanyonywa na mchanga, inachujwa, na visima vinachimbwa hapo. Kwa hiyo maji ya samaki wangu yametoka mchangani kule.

Niliingia mjini saa saba, jua la utosi. Vichochoro vya mji wa mawe ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija unajibanza ukutani. Kwa nje nyumba hazikuonyeshi kitu. Ukuta mtupu, mlango uliochongwa, na mbele ya mlango daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wanaume huketi na wageni wasiohitaji kuingia humalizia maneno yao. Ukivuka mlango unakutana na ukuta, inabidi ukate kona, ndipo ufike kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu. Mtu anayepita njiani, hata mlango ukiwa wazi, hawezi kuona watu wa ndani.

Nikaingia chumbani kwangu nikiwa ninawaka. Na pale, wasomaji wangu, ndipo nilipoanza kubadili maneno. Kilikuwa baridi. Si baridi ya kiyoyozi inayokukausha koo, ni ule ubaridi wa mtungi. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na zimepakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Jua halina pa kuingilia. Joto linaishia kiwandani na kupanda juu kulikotoka. Nilijitupa kitandani na kulala hadi alasiri, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa mgonjwa.

Nilipoamka nikahesabu boriti. Dari yote imeshikwa na miti ya mikoko iliyopangwa karibu karibu, kutoka ukuta huu hadi ule. Mti wa mkoko ukishakatwa kwa ajili ya boriti hauzidi sana mita 3, na ukitoa sehemu zinazozama ukutani unabaki na mita 2.5 au zaidi kidogo. Huo ndio upana wa chumba changu, wa chumba cha jirani, na wa kila chumba cha zamani mjini humu. Unaweza kuwa tajiri wa matajiri, ukajenga chumba kirefu upendavyo na kuta zikajaa zidaka; upana umeshapangiwa na mti. Boriti hizi zilipelekwa pia Uarabuni kwa karne nyingi, huko kusiko na miti, na huko nako vyumba vikatoka vyembamba hivi hivi. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Nimemuuliza mama kuhusu kiraka cha kijivu kwenye ukuta wa ngazi, kinachobanduka na kuacha chumvi. Akasonya. Fundi mmoja aliyeletwa miaka ya nyuma alitia saruji ili kubana matumizi. Chokaa inapumua, akasema, saruji inaufunga ukuta mdomo. Unyevu ukikosa pa kutokea unautafuna ukuta kutoka ndani. Sasa kila mwaka kiraka kinakua. Kuirudishia chokaa ni pesa, na mafundi wa chokaa wanaoijua kazi wana wateja wengine: wageni walionunua nyumba za kale na kuzitia mabwawa ya kuogelea. Hakuwasema vibaya. Alisema tu kwamba kwao kuta hazina viraka.

Alhamisi, alfajiri

Sijalala. Naandika kwa mwanga wa simu.

Jana baada ya isha tuliketi msanani, ile sebule ndefu inayofungukia kiwandani. Mama alikuwa akichambua mchele. Nikamuuliza, kwa mzaha, babu zake walikuwa na ugomvi gani na madirisha. Naye akanijibu swali nisilouliza. Unaona, akasema, kila ukienda ndani sakafu inapanda kidogo? Msana uko juu ya kiwanda, ndani iko juu ya msana. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia kwa wenyewe. Mgeni wa barabarani mwisho wake daka. Jamaa wa mbali, msana. Na chumba kile cha nyuma kabisa walikuwa hawalazwi wageni.

"Walikuwa wanalala nani, mama?"

Wanawake wakijifungua, akasema. Yeye mwenyewe kazaliwa humo, na wanawe watatu. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha, kwa sauti ile ile: na maiti wa nyumba hii walioshewa humo. Mama yake. Bibi yake. Mumewe pia, miaka kumi na miwili iliyopita, kabla ya kupelekwa msikitini.

Nikanyamaza. Nilitaka kusema pole, neno likawa limechelewa miaka kumi na miwili. Baadaye nikapanda kitandani kwangu, nikazima taa, na giza likawa si lile la jana. Nilikuwa nimelalia mahali ambapo watu wa nyumba hii wameingilia na kutokea duniani. Punda akalia mbali. Mwingine akamjibu. Nikaogopa, lazima niseme ukweli, niliogopa kitoto kabisa, hadi nikavuta shuka usoni.

Halafu, mnamo saa tisa, hofu ikanichosha. Nikaanza kuwaza wale wanawake. Kwamba palihitajika mahali pamoja ndani ya nyumba ambapo hakuna jicho la mtu wa nje linaloweza kufika, hata kwa bahati mbaya, mtu anapokuwa katika hali yake ya uchi kuliko zote. Dirisha la nini hapo? La kumtazama nani?

Nikakumbuka nyumba yangu ya Nairobi, ghorofa ya nne, madirisha manne. Niliipanga kwa ajili ya madirisha hayo, hata nikaongezewa kodi. Mwezi wa kwanza nikagundua kwamba jirani wa jengo la pili anaweza kusoma maandishi kwenye fulana yangu. Pazia zimefungwa tangu siku hiyo. Miaka mitano naishi kwa taa ya umeme mchana, halafu nasafiri hadi Lamu kudai dirisha.

Adhana ya alfajiri imeanza, msikiti mmoja, wa pili ukaudakia, wa tatu. Ngoja nijaribu kulala.

Ijumaa

Nimeiona bahari. Ilikuwepo siku zote, ila nilikuwa sijapanda. "Yuu kuna upepo," mama aliniambia tangu siku ya kwanza, nami nikawa na hasira nyingi mno za kutafsiri. Ngazi inapinda mara tatu na kukutoa kwenye paa la bapa lenye kibanda cha makuti, na huko kila kitu kilichofungwa chini kimefunguliwa: mkondo wote, kisiwa cha Manda ng'ambo, mikoko, madau yakiteleza na tanga moja moja, mapaa mengine ya makuti, na ngome ambayo nilisoma kwamba ilijengwa kati ya 1813 na 1821 na ikawa jela hadi 1984. Kutoka huku juu unaona pia wikio, kile chumba kinachovuka uchochoro kuunganisha nyumba mbili. Wanawake walipita humo kwenda kwa jirani bila kukanyaga njia.

Nilikaa juu hadi jua likazama. Lakini kulala nikashuka. Binti akaniuliza kama sitaki anitandikie mkeka huko kwenye upepo, wageni wengi hupenda. Nikamwambia hapana, chumbani kwangu kunanitosha.

Jumapili, ndani ya basi

Mama alinisindikiza hadi kiwandani. Nikataka kumshika mkono, akanivuta akanipiga mgongoni mara mbili, akanipa mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti. Mlangoni hakufika, binti ndiye aliyenitoa, akatazama ndoo ya plastiki, akanitazama mimi, tukacheka tena.

Kwenye boti niligeuka kuitafuta nyumba kwa paa lake la makuti. Mapaa yanafanana yote.

Tumefika Witu ndipo simu yangu ikaanza kulia kuomba chaji, nikapekua begi lote. Chaja nimeiacha kidakani. Nikampigia mama kabla simu haijazima. Akasema ameshaiona, iko pale pale kati ya bakuli zima na lile lenye ufa, na kama nataka atampa mtu wa basi la kesho. Nikamwambia asijisumbue, aiache hapo. Desemba nitaipitia.