Sekunde 28 pale Nungwi

Mwaka 1984, siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, jahazi jipya lilishuliwa, yaani lilivutwa kwa kamba toka mchangani hadi majini, pale Nungwi, kaskazini ya Unguja. Nilikuwa na kamera moja, Bolex H16 Reflex, na rili mbili za mkanda wa milimita 16, kila moja mita 30. Kwa picha 24 kwa sekunde, rili moja huisha kwa dakika 2 na sekunde 46. Na jahazi halishuliwi mara mbili.

Bolex ile haitaki betri. Unazungusha ufunguo wa ubavuni mpaka springi ikaze, kisha inakwenda sekunde 28 na kusimama. Kila ukimaliza kipande, kaza upya hapo hapo, hata kama umepiga sekunde 5 tu. Springi iliyobaki nusu ndiyo hukukatia tukio katikati. Ina kelele na mwendo wake haushikamani na kinasa sauti, kwa hiyo nyimbo za wavutaji kamba tulizirekodi kando.

Mchanga wa Nungwi ni mweupe, unakidanganya kipima mwanga. Nilipima kiganja changu, nikafungua lenzi stopu moja, yaani mwanga mara mbili.

Zamani tungesimamisha stendi ya kamera mbali, kwenye mchanga mkavu, tukapata jahazi zima na watu wadogo kama siafu. Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga filamu kwenye Mto Niger miaka ya 1946 na 1947, alipoteza stendi yake safarini akabaki na kamera mkononi, na filamu zake zikabadilika toka hapo. Mimi yangu niliiacha kwa hiari. Kamera na lenzi zake ni kama kilo 3. Niliweka lenzi ya milimita 10, kwa sababu mtikisiko wa mkono hauonekani sana, na tundu la mwanga la lenzi likibanwa vizuri huna haja ya kugusa fokasi. Ya milimita 75 mkononi ni kupoteza mkanda.

Niliingia majini hadi magotini, nikazielekea kamba. Mzee mmoja akanikemea: "Mwanangu, usikae hapo. Kamba ikikatika itakupiga wewe."

Nikahamia nyuma, katikati ya mabega ya wavutaji. Toka pale jahazi halionekani zima. Unaona shingo zilizokaza, kamba inayochuruzika maji, na juu ya vichwa omo, yaani pua ya jahazi, lililopakwa deheni, mafuta ya kupaka vyombo, likija kidogo kidogo. Hivyo ndivyo anavyoliona anayelivuta, na stendi isingefika hapo kamwe.

Rili ya pili niliipachika kwa haraka, chini ya kivuli cha mnazi. Juu na chini ya dirisha la kamera mkanda lazima uache kitanzi, maana kwenye rili unakwenda mfululizo lakini dirishani unasimama na kuruka, picha moja moja. Kitanzi kikipotea, ukucha, kile chuma kinachoushusha mkanda, unauvuta mkanda usiolegea na picha inachirizika juu na chini. Sikio hujua kwanza: mlio laini ukawa wa kukwaruza. Niliacha kupiga, nikaitia kamera kwenye mfuko mweusi, nikakirudisha kitanzi kwa kupapasa, kwani ukifungua juani mkanda uliokwisha kupigwa unaungua kwa mwanga.

Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa Uingereza, kipande cha mwisho cha rili ya kwanza kinaonyesha omo likigusa povu. Kinachofuata ni wanaume wamekaa mchangani, wamelowa, wakikunja kamba.