Miaka Niliyokuwa Ugenini na Kifungo cha Binamu Yangu

Mtu aliyeishi ugenini kwa miaka mingi hurudi nyumbani akiwa na kipimo cha wakati ambacho waliobaki hawana. Wao waliwaona watoto wakikua na wazazi wakizeeka kidogo kidogo. Mimi nilikuta yote yameshatokea. Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloliandika tangu nirudi linamhusu binamu yangu, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha muda mfupi kabla sijaondoka, na ambaye nimemkuta bado yuko gerezani, akiwa hajafikisha hata theluthi mbili ya adhabu yake.

Nilikwenda kumtembelea. Baada ya kuandikisha jina na kukaguliwa getini, niliruhusiwa kuzungumza naye kwa dakika chache kupitia wavu, huku askari magereza akiwa amesimama kando yetu. Aliwaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, na alipofika kwa mdogo wangu wa mwisho alishusha mkono hadi usawa wa kiuno, akionyesha kimo cha mtoto aliyemwacha. Mtoto huyo sasa ni baba wa watoto wawili. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akamuulizia mwingine. Mimi nilipokuwa mbali niliweza kupiga simu, kutuma fedha za matibabu, na kuja kuzika pale ilipobidi. Yeye alipata habari ya msiba wa mama yake siku kadhaa baada ya mazishi.

Sisemi kwamba hakustahili kufungwa. Mzee waliyemjeruhi usiku ule anachechemea hadi leo, na kwa kuwa ni jirani yetu nilikwenda kumjulia hali naye pia. Aliniambia kwamba tangu alipotoa ushahidi mahakamani hakuna aliyerudi kumuuliza chochote, hakulipwa fidia yoyote, na gharama za hospitali zilibebwa na watoto wake. "Mwanangu," alisema, "hiyo miaka 30 ni ya serikali. Mguu wangu ni ule ule." Nimeyafikiria maneno hayo kuliko hoja yoyote niliyowahi kusikia juu ya adhabu, kwa sababu vifungo virefu hutetewa kwa jina la waathirika, na huyu hapa mwathirika ambaye urefu wa kifungo haukumrudishia kitu.

Hutetewa pia kwa hoja kwamba vinawatisha wengine. Watafiti wa uhalifu kwa muda mrefu wamekuwa wakionyesha kwamba kinachomzuia mtu zaidi ni uhakika wa kukamatwa, wala si ukubwa wa adhabu, na mtu yeyote anayewafahamu vijana waliowahi kuingia katika mambo hayo atakubali kwamba hakuna aliyekaa chini kulinganisha miaka 15 na miaka 30; kila mmoja aliamini kwamba hatakamatwa. Jambo jingine linalojulikana vizuri ni umri. Uhalifu wa kutumia nguvu ni wa vijana zaidi, na hupungua sana kadiri mtu anavyozeeka, kiasi kwamba kifungo kirefu mno huishia kumlinda raia dhidi ya mtu ambaye hatari yake imekwisha, huku gereza likigeuka kuwa mahali pa kuwauguza wazee.

Zipo nchi ambazo zimeliona hili na hazikuporomoka. Ureno ilifuta kifungo cha maisha mwaka 1884, na leo ukomo wake ni miaka 25. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua mwaka 1977 kwamba hata aliyefungwa maisha lazima awe na matumaini ya kweli ya kutoka siku moja, kwa kuwa kumnyima hayo ni kuvunja utu wake. Na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaielekeza Uingereza njia hiyo hiyo. Upande wa pili iko Marekani, ambako karibu watu 200,000 wanatumikia vifungo vya maisha au vya miaka mingi kiasi cha kulingana na maisha. Linalonishangaza zaidi ni hili: chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mtu aliyefungwa maisha na mahakama hiyo, hata kama ni kwa mauaji ya kimbari, hukumu yake hupitiwa upya akishatumikia miaka 25. Nashindwa kuelewa ni kwa haki gani aliyenyang'anya fedha na kumjeruhi mtu mmoja anyimwe kile anachopewa aliyeshiriki kuangamiza watu.

Wapo watu ambao hawafai kuachiwa, na hilo silipingi. Norway, ambayo adhabu yake ya kawaida haizidi miaka 21 kwa makosa mengi, inao utaratibu wa kumzuia mtu hatari kwa muda zaidi, lakini kila nyongeza lazima iombwe mahakamani na haizidi miaka mitano kwa mara moja. Tofauti iko hapo: serikali ndiyo inayolazimika kueleza kwa nini mtu huyo aendelee kukaa ndani, kwa kumtazama jinsi alivyo leo. Kwa binamu yangu hakuna anayelazimika kueleza lolote, kwa sababu swali lake lilifungwa siku ya hukumu, akiwa kijana wa miaka 22.

Ninachodai ni tarehe. Kila kifungo kirefu, tuseme baada ya miaka 15, kirudi mbele ya jaji, taarifa za gereza zisomwe, na mfungwa ajieleze kwa kinywa chake. Mzee jirani yetu naye aitwe, aulizwe kuhusu fidia ambayo hakuipata, na asikilizwe hadi mwisho, hata kama atakalolisema ni kwamba binamu yangu aendelee kubaki ndani.