Mahe hadi Mombasa kwa tanga: kumbukumbu ya kupima jua baharini

Bandarini, Mahe

Mradi wenyewe ni huu: kuvuka kutoka Shelisheli hadi Mombasa kwa mashua ya tanga ya futi 38, na kila siku yenye jua nijue tulipo kwa sekstanti, chombo cha kupimia kimo cha jua juu ya upeo wa macho, kabla ya kuitazama GPS. Safari ni kama maili za bahari 950, karibu yote ikielekea magharibi. Tuko watatu. Kapteni ni mtu wa Lamu, mkewe sote tunamwita Mama, halafu mimi.

Tumechagua Julai kwa sababu kusi imekomaa. Inavuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo itatupiga ubavu wa kushoto, kidogo kwa nyuma, na kwa mashua ya aina hii hakuna upepo mzuri kuliko huo. Ubaya wake ni mawimbi. Nayo yanakuja kwa ubavuni.

Mama ndiye msimamizi wa chakula, na hana mzaha. Mayai ameyafuata kwa mfugaji, yale ambayo hayajawahi kuingia friji, maana yakishapoa mara moja hayakai tena. Boga, vitunguu, ndizi mbichi na ndimu zimening'inizwa kwenye nyavu ili zipate hewa na zisijigonge. Kabichi haikatwi kwa kisu. Tutabandua jani moja moja kutoka nje, na kichwa kitabaki kizima hadi mwisho wa safari.

4°28′ Kusini, 53°20′ Mashariki

Tumetoka kwenye tambarare ya chini ya bahari inayobeba visiwa vya Mahe. Badiliko lilionekana kwa macho: kule mawimbi yalikuwa mafupi na yenye hasira, hapa ni marefu na yanapumua. Visiwa vya Amirante viko kusini yetu, mbali kiasi cha kutoviona, na tumeviacha mbali kwa makusudi kwa sababu ya miamba.

Tumbo langu limetulia. Dawa ilikuwa tangawizi, na kukaa nje nikikodolea upeo wa macho.

Kazi ya kushika usukani hatuifanyi kwa mikono. Tezini, yaani nyuma ya mashua, kuna usukani wa upepo: ubapa mwembamba unaohisi upepo unatoka wapi, mashua ikipotoka unainama, na kuinama kwake kunageuza pala ndogo majini inayovuta kamba za usukani mkuu. Hauli umeme wala mafuta, na usiku kucha hauchoki. Ninauheshimu kama mwenzetu wa nne. Bila huo tusingelala, na mtu asiyelala baharini ni hatari kwa wote.

Usingizi ndio mali kubwa humu ndani. Zamu za usiku ni saa tatu tatu: Mama anaanza saa mbili, Kapteni saa tano, mimi saa nane hadi kumi na moja. Aliye zamuni amevaa mkanda uliofungwa kwenye chuma cha mashua, na haruhusiwi kutoka penye usukani kwenda omo, yaani mbele, bila kumwamsha mwingine, hata kama ni kamba moja tu iliyolegea. Kitandani tumefunga kitambaa kigumu ubavuni ili mashua ikienda mrama mtu asimwagike sakafuni.

4°50′ Kusini, 48°10′ Mashariki

Tulipovuka longitudo 52°30′ tulirudisha saa nyuma kwa saa moja. Sasa tunatumia majira ya nyumbani, ingawa nyumbani bado ni mbali na chini yetu kuna zaidi ya meta 4,000 za maji.

Siku inajipanga hivi. Asubuhi naokota samaki panzi walioanguka sitahani usiku, kisha nakagua kila mahali ambapo kamba inagusa kitu. Kwenye safari ndefu adui wa kamba ni msuguano kuliko dhoruba: ikisuguliwa palepale mchana na usiku, inakatika. Kapteni huisogeza kila kamba kidogo kila siku ili pasiliwe pamoja. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari. Maji matamu ni ya kunywa na kupikia, na kila mtu ana kipimo chake. Jiko la gesi linaning'inia kwenye vyuma viwili, mashua inalala huku sufuria imesimama wima. Hata hivyo Mama hujifunga mkanda kiunoni anapopika. Jana tulivuta jodari mmoja wa wastani kwa mshipi wa nyuma. Nusu ililiwa kwa nazi, nusu imepakwa chumvi.

Kisha mchana, saa yangu inafika.

Kipimo cha adhuhuri kinaniridhisha kuliko vyote kwa sababu hakidai hesabu nyingi. Unalishusha jua ndani ya kioo mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa macho, unalifuata likipanda, likipanda, halafu linakataa kupanda. Hapo ndipo kipimo. Mashua inayumba na upeo unajificha nyuma ya mawimbi, hivyo nasubiri tuwe juu ya wimbi ndipo nipime.

"Kapteni, limesimama!"

"Shika hapo hapo, mwanangu. Soma."

Unaongeza kama dakika 16 za nusu ya kipenyo cha jua (dakika hapa ni ya pembe, sehemu moja ya 60 ya nyuzi), unapunguza dakika mbili na nusu kwa sababu macho yako yako kama meta mbili juu ya maji, unatoa jibu kwenye nyuzi 90. Wiki hii almanaka, kitabu cha mahali jua lilipo kila siku, inasema jua liko karibu nyuzi 21 kaskazini ya ikweta. Nikipata nyuzi 26 hivi kati ya jua na utosi wangu, kinachobaki ni nyuzi 5 kusini, na hiyo ndiyo latitudo yetu. Mwanzoni tofauti yangu na GPS ilikuwa kubwa. Sasa ni maili chache tu.

Longitudo ni kazi ngumu zaidi kwa sababu inategemea saa. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo kosa la sekunde 4 ni maili nzima huku karibu na ikweta. Manahodha wa zamani wa bahari hii walikuwa na kamal, kibao chenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno, wakipima kimo cha nyota. Nao walikuwa wakitafuta latitudo.

Zamuni, muda mfupi baada ya saa nane, Kilimia, lile kundi la nyota, huchomoza upande wa tezi. Nakingoja kila usiku.

Jamaa wanauliza kuhusu maharamia. Si swali la bure: Oktoba 2009 mume na mke Waingereza walitekwa baada ya kuondoka Mahe kwa mashua yao wakielekea Tanzania, wakaachiliwa Novemba 2010. Januari 2023 kampuni za meli ziliondoa eneo hili kwenye orodha ya hatari kubwa, lakini mwisho wa mwaka huohuo utekaji ulirudi pwani ya Somalia. Kila jioni tunatuma tulipo kwa satelaiti, na hatupandi kaskazini.

4°40′ Kusini, 41°50′ Mashariki

Sasa ndipo kipimo cha adhuhuri kinapata kazi yake halisi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unaweza kufikia maili nne kwa saa. Lango la Mombasa liko 4°04′. Anayelielekea moja kwa moja kutoka huku atajikuta upande wa Kilifi, na kurudi ni kwenda bisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja. Majahazi yalingoja kaskazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunalenga kusini, kana kwamba tunakwenda Pemba, tuuachie mkondo utupandishe. Usiku huu tumepunguza tanga kubwa ili tufike mchana. Kesho jua litasimama kama saa sita na dakika 26. Nikisoma 4°20′, tunashika njia hii hii. Nikisoma 4°10′ na pwani bado haijaonekana, Kapteni ameshasema tutaelekeza omo kusini-magharibi palepale.