Sklerostini, breki ya mfupa

Jumanne usiku.

Wiki nzima mawazo yangu yako kwa sklerostini, protini inayozuia mfupa usijengwe kupita kiasi. Hutengenezwa na osteositi, seli zilizozikwa ndani ya mfupa, kisha hutoka na kuzifuata osteoblasti, yaani seli zinazojenga. Huko hukamata LRP5 na LRP6, vipokezi ambavyo Wnt, protini za kupeleka ishara, huvitumia kuamuru ujenzi. LRP4, kipokezi kingine, huisaidia sklerostini kutulia hapo. Amri ikikwama, beta-katenini, protini inayobeba amri hiyo ndani ya seli, huvunjwavunjwa na ujenzi hupungua. Mfupa ukibeba uzito, osteositi hupunguza sklerostini. Ndiyo sababu mojawapo ya mgonjwa wa kitandani kupoteza mfupa.

Nguvu ya breki hii tuliijua kwa watu waliozaliwa bila hiyo. Katika baadhi ya familia za Makaburu wa Afrika Kusini, jeni ya SOST, yenye maagizo ya kutengeneza sklerostini, imeharibika. Mifupa yao haivunjiki ovyo, lakini fuvu hunenepa hadi kubana neva za uso na za kusikia. Hilo hunifanya niiheshimu breki, hata pale dawa inapoizuia. Dawa hiyo, romosozumabu, ya mifupa iliyodhoofika, hudungwa miligramu 210 kila mwezi kwa miezi 12, nayo haimfai aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja uliopita. Baada yake lazima ifuate dawa ya kuzuia mfupa usimomonyoke, la sivyo faida inayeyuka.

Maabara ndiko penye mtego. Ukitaka kuonyesha kwamba sklerostini imeshikana na LRP6, yeyusha seli juu ya barafu kwa sabuni laini: Triton asilimia 1, chumvi milimola 150, na vizuizi vya protiezi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini. SDS, sabuni kali, usiiguse hatua hii, itaziachanisha protini hizo mbili. Weka kingamwili ya LRP6, yaani protini inayoinasa LRP6, usiku kucha kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kisha shanga za protini G zinazoivuta kingamwili pamoja na ilichoshika, osha mara 4. Sampuli ya pili ipate kingamwili isiyolenga kitu, ya mnyama yuleyule.

Sasa jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa. Sklerostini hutua karibu na kilodaltoni 25 (kipimo cha uzito wa protini), na mnyororo mwepesi wa kingamwili, kipande chake kidogo, hutua papo hapo! Mstari mnene unatokea, na mtu anadhani amefaulu. Tazama sampuli ya pili: mstari ukiwepo na humo, ulichokiona ni kingamwili yako. Rudia, ukiisoma sklerostini kwa kingamwili ya mnyama mwingine. Na majimaji ya kukuzia seli usiyamwage, kwani sklerostini nyingi imo humo.