Siku Moja Maishani Mwangu: Mpe Mtoto Sakafu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kabla mtoto yeyote hajafika, napiga deki. Mara ya kwanza kwa sabuni, mara ya pili kwa maji matupu, kisha napiga magoti na kupapasa sakafu yote kwa kiganja, kona hadi kona, nikitafuta kigae cha chupa, pini, kifuniko cha soda, punje ya maharagwe. Chumba changu cha kulelea watoto hapa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ni cha mabati, na sakafu yake ya saruji ndiyo mali yangu kubwa. Wazazi wapya huniuliza kama nina televisheni. Mimi huwaonyesha sakafu.

Saa kumi na mbili

Akina mama wanaingia mmoja mmoja, giza halijatoka, watoto mgongoni kwa leso. Wengi wanaenda kusimama kwenye malango ya Eneo la Viwanda kutafuta kibarua, wengine ni mama fua wa South B. Leo nina watoto 11.

Mama Zawadi (jina nimelibadilisha) ameleta bebi-woka, kile kigari cha kumtembeza mtoto.

"Mwalimu, nimemnunulia hii Gikomba. Amefikisha miezi 13 na kutembea bado. Wa jirani yangu ana miezi 10 na anakimbia!"

Nikamshukuru, kisha nikaipandisha juu ya kabati. Ndani ya woka mtoto ananing'inia. Anajisukuma kwa ncha za vidole, miguu yake haioni, uzito wake haubebi, na akiyumba hana haja ya kujizuia. Atajifunza nini? Halafu ina magurudumu. Itamfikisha penye jiko kabla hujageuka. Kanada waliipiga marufuku mwaka 2004.

Nikamwambia pia habari za watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ambao Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia. Walikuwa wazima, na karibu wote walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wachache hata hawakutambaa kwa magoti, waliinuka wakaenda. "Miezi 13 iko katikati, mama. Zawadi hajachelewa." Alinitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaondoka mbio.

Saa tatu

Uji umeisha. Soksi na viatu vyote viko ndani ya karai, maana mguu mtupu unaishika sakafu, na soksi juu ya saruji ni kuteleza tu.

Nimepanga mabenchi mawili mafupi kando ya ukuta, na hapo ndipo Zawadi anapofanyia kazi. Nasema kazi kwa sababu ni kazi. Anajivuta, anasimama dede, tumbo limeegemea benchi. Anaanza kuhama kwa ubavu: mkono, mguu, mkono, mguu. Benchi la kwanza likiisha kuna pengo la hatua chache kabla ya la pili. Ananyoosha mkono, haufiki. Anaitazama sakafu. Vidole vya miguu vinajikunja kama vinataka kuichimba saruji. Kisha magoti yanalegea, anakaa kitako, pu! Anaanza upya.

Nilimhesabia kwa saa nzima: alianguka mara 22. Sikumkimbilia, kwa sababu alikuwa anaanguka kwa makalio, na anayeanguka hivyo haumii. Huko New York, mtafiti Karen Adolph na wenzake nao walihesabu, wakachapisha mwaka 2012: mtoto wa miezi 12 hadi 19 akiachwa acheze atakavyo, hupiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Saa moja tu! Sasa mtoto anayekalishwa kutwa, hatua hizo atazipigia wapi?

Nauliza kwa uchungu. Kabla sijafungua hapa, niliajiriwa mahali ambapo watoto zaidi ya 20 walikalishwa wameegemea ukuta, miguu mbele, asubuhi hadi jioni, wasisumbue. Walikuwa watulivu mno. Mmoja alitimiza mwaka na nusu hajui hata kujigeuza kutoka kitako hadi magotini. Watu wakamwita mvivu. Hakuwa mvivu, alikuwa hajawahi kupewa mahali pa kujaribia.

Saa sita na nusu

Viazi vya kuchemsha, vipande laini. Vidole navyo vinajifunza, ingawa hakuna anayevipigia makofi. Kijana wangu wa miezi 10 anaokota kipande kwa kidole gumba na cha shahada, anakigeuza, anakichunguza, ndipo anakila. Juzi juzi alikuwa anavikumba kwa kiganja kizima.

Wa rika lake ananitia wasiwasi. Anatumia mkono wa kulia peke yake, wa kushoto umebaki ngumi. Nimemwekea chakula upande wa kushoto, akauvusha ule wa kulia mbele ya kifua kukifuata. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapaswi kuchagua mkono. Nimempigia simu mhudumu wa afya ya jamii, na kesho atawapeleka yeye na mamake kliniki wakaonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mambo haya hayangojei mtoto "akomae".

Saa nane

Wamelala. Shosho, bibi mzee wa ploti ya pili, Mkipsigis mzaliwa wa Bomet, amekuja kukaa nami kidogo. Amemwona mtoto wa miezi mitano niliyemkalisha ndani ya beseni, leso imemzunguka kiunoni, akacheka.

"Sisi tulichimba shimo. Unatandika blanketi, mtoto anakaa humo, mgongo umeshikwa. Kukaa kunafundishwa, mwanangu. Kutembea pia."

Ni kweli kabisa. Mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet, na mwaka 1976 akaandika kwamba watoto wao waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwazoeza kwa makusudi. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia wenzao. Shosho hakuhitaji kuambiwa hayo, lakini nilimwambia, akafurahi kwamba yameandikwa.

Saa tisa na nusu

Nilikuwa namfunga mwingine nepi. Niliinua macho nikamwona Zawadi kwenye ncha ya benchi, mikono yote miwili hewani usawa wa mabega, miguu imepanuka, tumbo mbele. Hakuwa ameshika chochote. Nikanyamaza kabisa. Wayo mzima ukatua chini, tap. Wa pili. Wa tatu ukayumba, akaliangukia benchi la upande wa pili na kulikumbatia. Akageuka, akatazama alikotoka, akarudi.

Saa moja kasoro robo jioni

Mama Zawadi amefika, vidole vyake vimenyauka kwa maji ya kufulia. Sikumwambia. Amefua nguo za watu tangu asubuhi, na hatua ya kwanza ya mwanawe ana haki ya kuiona mwenyewe.

"Leo usiku mpe sakafu," nikasema.

"Sakafu gani, mwalimu? Nyumba ni futi 10 kwa 10. Kitanda, meza, mitungi, jiko."

"Stuli zipande kitandani. Meza ibanwe ukutani. Jiko libaki nje. Nusu saa tu."

Saa tatu usiku

Simu imelia, ni video. Kitanda kimejaa stuli zilizopinduliwa miguu juu, mtungi wa maji umekaa juu ya mto. Katikati kuna sakafu, upana wa mkeka mmoja. Zawadi anatoka kitandani kuelekea mlangoni, mikono hewani, na mamake, ambaye haonekani, anapiga kelele nyuma ya simu: "Mwalimu, ona! Hata wewe hujaona hii!"