Samaki wa Ziwa Nyasa waliokuwa wakifa alfajiri

Tunaofuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba huku nyanda za juu kusini ni wachache, na tatizo likitokea mtu hana jirani wa kumuuliza. Ndiyo maana naandika kwa kirefu. Kwangu samaki walikuwa wakifa mmoja mmoja kipupwe kizima, huku kila kipimo kikinionyesha maji safi. Chanzo nilikipata, nacho hakikuwa ndani ya tangi.

Tangi langu ni la vioo, lita 300, na linakaa sebuleni hapa Mbeya mjini. Nafuga mbuna, samaki wadogo wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, nilioletewa kutoka upande wa Kyela na mfanyabiashara mwenye leseni. Ninayempenda kuliko wote ni Labeotropheus fuelleborni. Pua yake imechomoza mbele ya mdomo na kinywa kiko chini, kwa hiyo anakwangua mwani akiwa amelala sambamba na jiwe, wakati wenzake inabidi wasimame kichwa kulielekea. Jike akitaga huyachukua mayai mdomoni, na kwa muda wa wiki tatu hivi huwa hali sawasawa mpaka wanawe watoke. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na nyingi kati ya hizo hazipo mahali pengine popote. Kumpoteza mmoja kunaniuma.

Wa kwanza kufa alikuwa jike mwenye mayai mdomoni. Nilidhani uchovu wa kulea. Akafuata dume kubwa lenye afya, lililokula vizuri jioni ya jana yake. Halikuwa na jeraha wala vidoa, mapezi yalikuwa mazima na tumbo halikuvimba. Kitu kimoja tu kilijirudia kwa kila niliyemtoa: mdomo wazi na mashavu yamefunuka. Hiyo ni dalili ya samaki aliyekosa pumzi.

Nilianza na maji, kama mfugaji yeyote angefanya. Amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, sifuri. Naitraiti sifuri. Naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita, kiasi kisichomsumbua mbuna. pH, kipimo cha asidi ya maji ambacho namba yake hushuka asidi ikiongezeka, ilikuwa 8, yaani ndani kabisa ya kiwango cha ziwa lenyewe, ambacho huanzia 7.7 hivi na kufika 8.6. Joto digrii 25. Nilipima kila nilipotoka kazini, jioni, na kila jioni majibu yakawa mazuri vilevile.

Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo alinishauri nimwage tangini unga wa antibiotiki wanaopewa kuku. Nilikataa. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na antibiotiki haichagui bakteria wa kuua. Kumwaga dawa bila kujua ugonjwa ni kujitafutia tatizo la pili kabla ya kulimaliza la kwanza. Klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, nayo niliiondoa kwenye orodha, maana maji ya kubadilishia huwa nayaacha kwenye ndoo zilizo wazi, pampu ikipiga mapovu usiku kucha, na vifo havikufuata siku za kubadilisha maji.

Nikafikiria dawa ya mbu ya kupuliza. Nyingi zina pairethroidi, sumu kali mno kwa samaki, na pampu ya hewa huvuta chochote kilichomo chumbani na kukiingiza majini. Nikauliza nyumba nzima. Hakuna aliyepuliza, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai mbu wenyewe wa kutafuta. Mtuhumiwa huyo akaachiwa, ila wazo la pampu kuvuta hewa ya sebuleni lilibaki kichwani mwangu, na baadaye ndilo lililonisaidia.

Rafiki yangu wa Kyela alichukua samaki wa mzigo uleule. Nilimpigia.

“Kaka, wangu wanakula tu, hakuna aliyekufa,” akasema. “Labda huko juu kwenu hewa ni nyepesi.”

Alikuwa na hoja. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya iko kwenye mita 1,700. Maji ya digrii 25 yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita kule pwani. Huku kwetu yanaishia kama 6.8. Tunaanza na akiba ndogo, na kila mfugaji wa nyanda za juu alijue hilo kabla ya kujaza samaki tangini. Lakini Mbeya haikuhama. Samaki haohao waliishi vizuri masika yote, mita ni zilezile 1,700. Kwa nini kipupwe?

“Wanakufa saa ngapi?” akaniuliza.

“Nawakuta asubuhi.”

“Na unapima saa ngapi?”

Swali hilo ndilo lililofungua kila kitu. Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nikaingia sebuleni na tochi. Samaki wote walikuwa juu, wamejipanga pale mapovu yanapopasukia, wakihema haraka. Nikachukua maji, nikatia matone ya pH, nikasubiri rangi ya buluu niliyoizoea. Ikatoka ya manjano inayoelekea kijani: 6.8. Jioni ya siku hiyohiyo ilisoma 8. Kushuka kwa pH kwa namba moja ni asidi kuongezeka mara kumi, kwa hiyo samaki wangu walikuwa wakivuka zaidi ya hapo kila usiku na kurudi kila mchana. Mimi nilikuwa napima yale maji ya jioni tu.

Nikapima KH, kipimo cha kaboneti zinazozuia pH isiyumbeyumbe. Digrii 2. Ziwa Nyasa lina 6 au zaidi. Maji ya bomba ya kwangu ni laini, hayana madini mengi, na bakteria wa filta huimaliza KH kidogo kidogo kila wanapofanya kazi yao. Hapo ningeweza kusema nimepata jibu. Lakini KH ilikuwa ndogo hata masika. Ilieleza kwa nini pH inaweza kuanguka, haikueleza nani anaisukuma. Kinachoangusha pH usiku na kuiachia mchana, mara nyingi, ni kabonidioksaidi, gesi ambayo ikiyeyuka majini hufanya asidi. Samaki hutoa usiku na mchana, mwani huitumia kukiwa na mwanga tu. Ila samaki ni walewale na mwani ni uleule, ilhali masika hapakuwa na shida.

Basi nikafanya jaribio ambalo ningemshauri kila mwenye tangi alifanye, liwe la maji baridi au la maji chumvi lenye matumbawe. Chota maji ya tangi alfajiri, ugawe kwenye glasi mbili. Moja iweke nje, nyingine ibaki chumbani, kila moja na pampu ndogo ya betri ikipiga mapovu kwa saa moja. Kisha pima pH. Ile ya nje ikipanda, maji yako yamejaa kabonidioksaidi. Ile ya ndani ikigoma kupanda, basi kosa si la maji, ni la hewa ya chumba.

Ya nje ilifika karibu 8. Ya sebuleni ilibaki 7. Nikarudia siku nyingine, majibu yaleyale.

Hewa ya sebuleni kwangu usiku ilikuwa na nini? Mama mzazi alikuja kutoka Kyela mwanzoni mwa Juni. Aliyezoea joto la kule, baridi ya Mbeya inamwingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo kila jioni jiko la mkaa liliingizwa sebuleni. Madirisha yalifungwa, kitambaa kikawekwa chini ya mlango kuzuia upepo, na watu walipokwenda kulala makaa yaliachwa yamefunikwa majivu, chumba kisipoe. Mkaa unaowaka unatoa kabonidioksaidi kwa wingi. Pampu ya tangi ilikuwa inavuta hewa hiyohiyo usiku kucha na kuipuliza majini. Na kabonidioksaidi ikizidi majini, damu ya samaki inashindwa kubeba oksijeni hata ile iliyopo. Jumlisha na akiba yetu ndogo ya huku juu. Jike mwenye mayai mdomoni, aliyekwisha dhoofika na ambaye maji hayapiti vizuri mashavuni mwake, ndiye wa kwanza kushindwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba Mama alikuwa akiamka kila siku na kichwa kinauma. Tulisema ni baridi. Sikuwaza tena samaki. Mkaa hautoi kabonidioksaidi peke yake, unatoa pia kabonimonoksaidi, gesi inayoua watu, ambayo haina harufu, haina rangi wala haiwashi macho. Makaa mekundu yasiyotoa moshi yanaonekana salama, kumbe ndiyo yanayodanganya. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke, na mimi nilikuwa nazisikia kama habari za nyumba nyingine.

“Mama, nina neno la kukuomba,” nilimwambia jioni ile kabla jiko halijaingia.

“Sema, mwanangu.”

“Jiko lisiingie tena ndani.”

Akanitazama. “Samaki wako ndio wananinyima moto?”

“Si samaki, Mama. Ni hicho kichwa kinachokuuma asubuhi. Hewa inayowaua wao ndiyo unayovuta wewe.”

Alinyamaza kidogo, akajifunga khanga vizuri. “Basi likae huko nje. Ila blanketi unalonitafutia liwe zito.” Nilimnunulia mawili, na chupa ya mpira ya maji ya moto ya kuweka miguuni. Kichwa kiliacha kumsumbua.

Na vifo vilikoma. pH ya alfajiri ilipanda mpaka 7.5 bila mimi kutia chochote majini. Naona hilo ni muhimu kulisema, kwa sababu wengi tungekimbilia kutia dawa ya kupandisha pH na kuliacha jiko sebuleni.

KH niliishughulikia baadaye, taratibu. Nilitumia bikaboneti ya soda, ile nyeupe safi inayouzwa pamoja na vitu vya kuokea, si magadi ya sokoni ambayo hujui yamechanganyika na nini. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 100 hupandisha KH karibu digrii 2. Nilitia nusu kijiko kwa wakati, kikiwa kimeyeyushwa kwenye jagi, nikipumzika kati ya dozi. Kwenye filta niliweka mfuko wa wavu wenye mawe ya chokaa ya Songwe yaliyopondwa na kuoshwa. Ili kujua kama ni chokaa kweli, lidondoshee jiwe siki: likitoa povu ndilo. Hayayeyuki haraka, hufanya kazi zaidi pale asidi inapoongezeka, na hicho ndicho nilichotaka.

Angalizo moja zito: kabla ya kupandisha pH, pima amonia. Kwenye pH 7 na digrii 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inakaribia 5, na kwenye 8.5 inafika kama 15. Mwenye amonia kidogo inayovumilika anaweza kuua tangi zima kwa kurekebisha pH kwa pupa.

Sasa KH ni 6, pH ya alfajiri 7.9 na ya jioni 8.2. Naendelea kupima nyakati zote mbili, hasa wiki za baridi kali tunapofunga madirisha. Pampu nimeiunganishia mpira mrefu unaopita kwenye pembe ya dirisha ili ivute hewa ya nje, na ya betri iko tayari kwa usiku umeme unapokatika. Ncha ya mpira iliyo nje ielekezwe chini maji ya mvua yasiingie, uifunge kipande cha chandarua kuzuia wadudu, na iwe mbali na mahali jiko linapowashiwa.