Huyu wa pili anawahi

Tangu jumamosi jioni kuna neno la babu limening'ang'ania, naandika hapa angalau nilale. Mnajua babu yupi, yule mzee wa Buigiri anayenifundisha marimba, ile ya Kigogo ya vyuma inayopigwa kwa madole gumba, sio babu wa damu ila alichunga ng'ombe pamoja na marehemu baba yake baba kwaiyo ndo hivo. Na habari ya rekodi zangu mnaijua pia. Jumapili usiku mama Neema akishalala nakaa jikoni, simu naiweka juu ya ndoo ya unga, napiga kipande kilekile alichonianzishia babu, afu naandika kwenye daftari spidi niliyofikia, dole gumba lipi limechelewa, wapi kucha imegonga vyuma viwili kwa pamoja. Nimesomea uhasibu na ndo kazi yangu, bila kuandika sioni kama nimesogea.

Sasa jumamosi nikasema ngoja leo nimsikilizishe mzee. Nikachagua mbili, ya februari na ya wiki iliyopita, maana tofauti yake hata mtoto anaisikia. Ile ya februari napapasa tu, mvua inapiga bati, kuna mahali nasimama kabisa natafuta chuma. Ya juzi inatiririka. Nikamkabidhi simu, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa, akageukia ukutani ili upepo usimsumbue, mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa sita.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi babu, mwezi wa pili."

Nikamwekea ya pili. Akasikiliza hadi mwisho, hakusema kitu, akanirudishia simu.

"Na huyu?"

"Mimi pia. Wiki iliyopita."

Akatoa ugoro, akavuta taratibu, mi nasubiri pale kwenye kigoda na daftari langu mkononi. Ndo akasema, "Huyu wa kwanza anasikiliza. Huyu wa pili anawahi."

Nikamuuliza, anawahi wapi babu?

"Mi ntajuaje mjukuu wangu, we ndo unayekwenda."

Basi. Akaanza kuniuliza kama mtama mjini umepanda bei.

Wiki hii tumefunga mwaka wa fedha tarehe 30, ofisini Mtumba tumekesha, shemeji kajifungua mapacha wote wazima Mungu ni mwema, nyumba tumeongezewa kodi, na katikati ya yote hayo mimi kichwani ni anawahi, anawahi. Nimelirudia na sauti yake kabisa. Kuna muda nasema hakumaanisha vibaya, wazee wa huku ndo wanavyoongea. Kuna muda nasema hapana, alivyosema huyu wa pili alikuwa kama anamsema mtu asiyemjua. Na mimi huyo wa pili nimemhangaikia! Nimemwamkia alfajiri, vidole vimeota sugu kwa ajili yake.

Hiyo spidi sikuitoa hewani. Nilichukua rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa hukuhuku Dodoma aliyeenda kuishi Bagamoyo na akapeleka marimba na zeze hadi Ulaya, akafariki 2003, nikazipima na ap ya metronomu, ile ya kuhesabu mapigo, nikaandika namba kwenye jalada la daftari. Kila mwezi nimekuwa nikiikaribia. Ile furaha ya kuona namba inapanda mwenye nayo ndo anaijua.

Na sio kwamba sijui kuna vitu kipimo hakivioni. Niliwahi kuwaambia kuhusu kile chuma ambacho ap ya kutyuni, yaani ya kupima sauti, inakiwashia nyekundu kila nikipima, inadai kimeshuka. Nilitaka kukisogeza babu akanishika mkono. Baadae nikasoma nikaelewa, sauti za muziki wa Kigogo zinafuata zile zinazotoka kwenye uzi mmoja ukiugawa vipande vinne, vitano, sita, saba, nane, na hiyo ya saba kwenye kinanda haipo kabisa, iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu sauti, yaani ya ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ap inapima kinanda, na hiki sio kinanda. Hilo nililipokea siku hiyohiyo wala halikuniuma. Sasa mbona hili linauma hivi?

Jana kwenye basi la wafanyakazi tunarudi, tumefika Ihumwa foleni imesimama, narudia tena yale mazungumzo kwa mara ya ngapi sijui, ndo nikaona kitu ambacho siku zote nimekiruka. Nimekuwa nikirudia maneno tu. Sijarudia alichokuwa anafanya wakati anasikiliza. Ile ya kwanza, simu ikiwa sikioni, amegeukia ukuta, babu alikuwa anaimba! Kwa chini, puani, lakini anaimba, na pale niliposimama kutafuta chuma ye hakusimama, aliendelea nikaja kumkuta mbele. Mi nilidhani anaguna. Ile ya pili alinyamaza mwanzo mpaka mwisho.

Nilitamani nishuke nitembee. Tangu nianze kwenda Buigiri babu hajawahi kuimba juu ya mkono wangu, hata siku moja. Anapiga yeye anaimba yeye, nikipiga mimi anaangalia vidole. Na marimba hii ni ya kuimbia, haipigwi ikae peke yake, anayepiga anamwachia mwimbaji nafasi aingie, hata ule utando wa buibui unaobandikwa kwenye kitundu ili sauti iwe na mtetemo ni kama sauti ya mtu wa pili pale ndani. Kumbe februari, na kupapasa kote kule, kulikuwa na nafasi mzee wa watu akaingia. Aliimba na mimi jamani. Nimefika nyumbani nimemwambia mama Neema hata viatu sijavua, akasema, "Sasa baba Neema si umrudie huyo wa februari?" Simrudii, vidole vyake sivitaki tena. Nataka mkono wa sasa na nafasi ile.

Usiku nimechora safu mpya kwenye daftari, pembeni ya spidi. Nimeandika juu yake "babu ameimba", na chini yake itajazwa ndiyo au hapana tu. Spidi sijaifuta na sifuti. Lakini hiyo safu siwezi kuijaza jikoni peke yangu na simu yangu, inabidi niende Buigiri, niwe nimekaa mbele yake. Jumamosi naenda, nimeshamnunulia na ugoro.

Kitu kingine ni mama. Leo mchana nimempigia, tukasalimiana vizuri, akaniuliza Neema ameshaanza shule? Nikamwambia mama, Neema yuko darasa la tatu, akacheka akasema ee kweli. Tukaongea uwele, tukaongea mapacha, afu kabla hajakata akauliza tena, eti Neema anaanza lini shule. Sijamwambia mtu. Kesho nitampigia dada mkubwa nimuulize kama na yeye ameona kitu, ye yuko naye karibu.